Vigelegele Ndani ya Uzio

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alijua Kireno kuliko mtu yeyote wa kwetu. Alichukuliwa angali kigoli akapelekwa Porto Amélia kulea watoto wa familia moja ya Kizungu, akakaa huko mpaka watoto wale wakaota ndevu na kumsahau. Aliporudi kwetu Olumbi alikuwa na sanduku la bati, miguu inayovimba kila jioni, na lugha ile. Mume hakuwa naye, wala mtoto. Baba akamwambia nyumba ni yake, na tangu hapo mimi nikalelewa na wanawake wawili: mama na yeye.

Vita vilipoanza kushika moto, baba alituaga asubuhi moja akisema anapeleka samaki wakavu bara. Hakuchukua hata samaki mmoja. Kila mtu alijua kuwa waliokwenda kuuza samaki kwa mtindo ule walivuka mto Ruvuma kujiunga na wapigania uhuru. Lakini mama, alipoulizwa na yeyote, hata na jirani wa mlango kwa mlango, alijibu jibu lilelile: "Kaenda kuuza samaki." Alilisema kwa miaka, bila kupepesa macho, na mimi mdogo nilianza kuamini kuwa huko bara kuna samaki wengi ajabu wa kuuzwa.

Kisha matropa wakaja. Ndivyo tulivyowaita askari wa Kireno. Walituamuru tutoe vyombo, wakachoma nyumba zetu, wakatusogeza kando ya barabara kuu iendayo Palma, ndani ya kijiji kipya walichokizungushia waya na handaki. Wenyewe walikiita aldeamento. Kulikuwa na lango moja. Asubuhi tulitoka kwenda shambani, na alasiri ilitubidi tuwe tumerudi. Aliyekutwa nje baada ya hapo alihesabiwa adui. Walituchanganya watu wa pwani na watu wa bara walioteremshwa kutoka uwandani, Wamakonde, wengi wao Wakristo. Mwanzoni hatukuzoeana. Sisi tuliona wanapika bila nazi, wao waliona tunajidai. Lakini njaa iliyotoka katika mashamba yasiyolindwa usiku, yaliyoachiwa nguruwe mwitu na nyani, ilitufundisha kuazimana chumvi.

Mlango wa pili kutoka kwetu alikaa mwanamke mmoja wa bara, mrefu, mwenye chale nzuri usoni. Mume wake alikamatwa mbele ya macho yake akapakiwa kwenye lori, wala hakuambiwa anapelekwa wapi. Huyu ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwita shangazi yangu "dada".

Katikati ya kijiji matropa walisimamisha nguzo, na juu yake wakafunga kipaza sauti kikubwa chenye mdomo kama wa parapanda. Sisi tulikiita Domo. Domo lilitoa matangazo ya serikali kwa Kimakua na Kimakonde, likapiga miziki ya kwao, likanyamaza, likaanza tena. Hapakuwa na mahali pa kulikimbia. Hata chooni lilikufuata.

Baada ya alasiri, tuliporudi kutoka mashambani, Domo lilileta mchezo wa redio. Watu walizungumza kwa Kireno, farasi walikimbia, milango ilifungwa kwa kishindo, na mwanamke mmoja mwenye sauti nyororo alilia karibu kila siku. Sisi hatukuelewa kitu. Tulikaa tukimenya muhogo huku yule mwanamke akilia juu ya vichwa vyetu. Siku moja shangazi aliacha kumenya, akainua uso.

"Nakijua kisa hiki," alisema. "Kimo kitabuni. Sinyora wangu, yule bibi wa Porto Amélia, alikuwa akiwasomea binti zake mpaka wanalowesha mito."

"Kisa cha nini?" mama akauliza.

"Cha zamani sana, enzi za wafalme wao. Binti wa mwenye ngome kampenda kijana mfua chuma. Wakuu wawili wanagombea kiti, vita vinazuka, kijana anachukuliwa kwa nguvu kwenda kulinda ukuta wa mji. Binti anabaki. Baba yake anataka kumwoza kwa bwana mmoja mzee mwenye mashamba, naye hataki, anangoja."

Yule mwanamke wa bara alikuwa amesimama na beseni lake kichwani. Akalitua. "Tueleze, dada," alisema.

Basi ikawa kila alasiri. Shangazi alikaa chini ya nguzo, wanawake wakamzunguka, na Domo likisema sentensi mbili tatu, yeye alizigeuza Kiswahili, na mwingine akawageuzia Kimakonde wasiosikia vizuri. Alikuwa na kipaji ambacho hatukukijua. Mzee mwenye mashamba alimpa sauti ya kukoroma, tukacheka. Binti alipoficha kipande cha chuma alichofuliwa na mpenzi wake, wanawake walishika vifua. Walibishana juu ya mambo ya watu wale kana kwamba wanakaa ng'ambo ya handaki. Mama, ambaye hakuwa akizungumza sana tangu baba aondoke, alikuwa akiniuliza hata shambani, "Unadhani yule baba mtu atamlazimisha?" Nilifurahi kumsikia akiuliza jambo. Kwa muda ule mfupi alianza tena kujipaka msiro usoni, ule unga mweupe wa mti, na nilimwona kuwa bado kijana.

Mimi nilikuwa nimefundishwa Kireno kidogo na shangazi, tukifua pamoja nguo za kituo cha askari. Siyo kingi, lakini maneno ya kawaida niliyajua. Ndiyo maana, alasiri moja, Domo liliposema neno *morreu*, nililisikia. Amekufa. Lilisemwa na mwanamume, taratibu, na baadaye farasi hawakusikika tena.

Nilimtazama shangazi. Wanawake wote walikuwa wamemkazia macho, na mbele kabisa yule wa bara.

"Kajeruhiwa," shangazi alisema. "Kapigwa mshale begani. Lakini mzima."

"Alhamdulillahi," mama alisema.

Jioni ile, tukirudi na ndoo za maji, nilimuuliza kwa nini amesema vile wakati Domo limesema kijana amekufa. Hakunigombeza. Aliweka ndoo chini, akakaza kanga yake.

"Umemwona mama yako leo?" alisema. "Umemwona yule jirani? Watu hawa hawana habari ya waume zao hata ya uongo. Mimi niwape maiti ya Mzungu waende kulala nayo?"

"Lakini kitabuni?"

"Kitabuni binti anaambiwa mwishoni, anajitupa kisimani. Kitabu waliandika watu walioshiba, mwanangu."

Kuanzia siku hiyo palikuwa na hadithi mbili kijijini mwetu, moja juu ya nguzo na moja chini yake. Juu binti alingoja mtu aliyekwisha kuzikwa. Chini kijana aliuguzwa na mtawa mmoja, akatoroka, akatembea usiku, akala mizizi. Mwanamke wa Domo alipolia, wanawake waliuliza, "Mbona analia?" na shangazi akajibu kuwa analia kwa furaha, amepata habari zake. Nadhani kwa siku zile shangazi mwenyewe alikuwa na furaha. Alitembea kama mtu aliyebeba kitu cha kupasuka, kwa uangalifu, huku akitabasamu.

Siku ya mwisho ya mchezo, mwanamke wa Domo alipiga ukelele mrefu, kisha kikaja kishindo cha maji. Chini ya nguzo, shangazi alisimama, akanyoosha mikono, akasema, "Lango limefunguliwa! Kaingia! Yuko mlangoni, na bendeji yake!"

Wanawake walipiga vigelegele. Sijapata kusikia vigelegele kama vile, hata harusini. Walikumbatiana, wa pwani na wa bara. Mama aliniinua kutoka chini, na nilikuwa mkubwa wa kuinuliwa. Domo likapiga muziki wa huzuni, nasi tukauchezea.

Kamanda wa kituo alitoka nje kuangalia kuna nini. Alikuwa kijana mwenye miwani, nguo zake nilikuwa nikizifua mimi. Alisikiliza mchezo ule kila siku kama sisi, kumbe, na alikuwa ametoka na macho mekundu. Aliwaona wanawake wanashangilia wakati mpenzi wa binti amekufa na binti mwenyewe amezama. Akafikiri tunafurahia kifo cha askari wa mfalme. Akamwita sipai, yule askari mweusi aliyekuwa mkalimani wake, akamtuma aulize. Sipai hakuwa na kazi kubwa. Alimuuliza mtoto mmoja, mtoto akamsimulia kisa chote jinsi shangazi alivyokisema, mpaka mizizi aliyokula kijana njiani.

Walimwita shangazi kesho yake. Alirudi amepauka, akatueleza akiwa amesimama, hakutaka kukaa.

"Redio itaurudia mchezo tangu mwanzo," alisema. "Wanataka niusimulie mimi, kwa Kiswahili, ndani ya Domo. Sipai atasimama pembeni. Nikikosea neno, yeye anajua. Na mwishoni nitasoma maneno yao, kuwa wanaume walioko porini warudi wasife kama yule."

"Kataa, wifi," mama alisema.

"Nimekataa. Kamanda akauliza, kwa adabu kabisa, mume wa wifi yako anauza samaki mji gani."

Mama aliinuka akaenda kufunga mlango.

Basi tuliusikia tena. Safari hii hakuna aliyekaa chini ya nguzo; sauti ya shangazi ilitoka juu, kubwa, iliyokwaruza, na ilimfikia kila mtu alipo. Aliusimulia vizuri mwanzoni. Watu walitabasamu kusikia tena mzee anavyokoroma. Wengine walidhani amepewa cheo, wakaona wivu. Kila siku nilikuwa nikiomba waya ukatike, umeme wa jenereta uzimike, litokee lolote. Siku ya kifo cha kijana pale ukutani ilipofika, nilikuwa nimekaa na mama mlangoni. Sauti ya shangazi ilisema: "Mshale ukampata shingoni. Akaanguka. Amekufa." Ikakwama. Tukasikia sauti ya kiume ikimhimiza kwa mbali. Ikaendelea: "Amekufa, na binti hakuambiwa. Aliendelea kungoja."

Sikumbuki mtu yeyote aliyelia. Wanawake waliinuka walipokuwa, wakakung'uta kanga zao, wakaingia ndani. Yule jirani wa bara alikuja kwetu, akamngoja shangazi mpaka aliporudi.

"Dada," alisema, "walikuambia lini?"

"Waliniambia nini?"

"Habari za wangu. Umekaa nazo muda gani?"

"Hakuna aliyeniambia kitu, ndugu yangu. Hicho ni kisa cha kitabu, cha Wazungu, cha watu ambao hawakupata kuishi."

"Mara ya kwanza ulisema yu hai. Ulituonea huruma. Nakushukuru." Aliushika mkono wa shangazi kwa mikono yake miwili. "Sasa nieleze. Walimzika?"

"Wallahi sijui."

Yule mwanamke aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyejibiwa. Kesho yake alinyoa nywele, akajifunga kitambaa cheusi. Aliketi matanga peke yake, bila maiti, bila kaburi, na Wakristo wenzake wakaja kumwimbia. Baada yake akafuata mwingine, na mwingine. Jumbe wa kijiji alijaribu kuwazuia, akaambiwa hayamhusu. Shangazi alikwenda nyumba kwa nyumba akiapa. Kadiri alivyoapa ndivyo walivyozidi kusadiki, kwani walikwisha kumjua kuwa ni mtu wa kuficha baya. Kila "sijui" yake ilichukuliwa kuwa jeneza.

Mama alikuwa wa mwisho. Kwa siku nyingi alikwenda shambani na kurudi. Kisha jioni moja, tukila ugali wa muhogo, aliweka tonge chini.

"Wifi, mimi si kama wale," alisema. "Najua kuwa ile ni hadithi. Lakini yule ni ndugu yako, tumbo moja. Niapie kuwa yuko hai, nami nitangoja mpaka nizeeke."

Niliona shangazi akifungua mdomo. Angeweza kusema. Nadhani kama angesema, sote tungeishi maisha mengine. Lakini alikuwa amechoka, na alikuwa na hofu ya Mungu, na tangu siku ile ya Domo aliogopa kila neno lililotoka kinywani mwake.

"Siwezi kuapa nisilolijua," alisema.

Mama alinawa mikono. Aliingia ndani, akatoka amevaa kaniki, nguo ya mfiwa. Msiro sikumwona nao tena.

Vita viliendelea. Alikaa eda, ikaisha, akakaa miaka mingine bila mume, bila mtu wa kumkatia hata mti wa paa. Hakuna neno lililokuja kutoka ng'ambo. Mtu mmoja wa kijijini, aliyefiwa na mkewe, mwashi wa majiko ya udongo, alianza kutuletea kuni. Alikuwa mpole, mwenye kikohozi. Shehe aliyefungiwa pamoja nasi alilipima jambo lile kwa muda mrefu. Akasema mume aliyepotea bila habari na bila matunzo, mkewe ana njia katika sheria, akamfungua mama kwa baba, akamwozesha kwa mwashi yule. Shangazi alipika pilau ya harusi ile. Alipika vizuri, akawagawia watu, yeye hakula.

Baba alirudi vita vilipokwisha.

Uzio ulikuwa umekatwa, watu wanabeba mabati kurudi kwenye viwanja vyao vya zamani. Alikuja kwa miguu na wenzake kwenye barabara, amekonda, akichechemea kidogo, ana kofia ya kijeshi. Mimi nilimtambua kwa jinsi alivyojikuna shingo. Nilimkimbilia, akaniuliza mimi ni binti wa nani. Nilipomwambia, alicheka, akaniangalia juu mpaka chini, akasema, "Mama yako yuko wapi?"

Hapakuwa na haja ya kumjibu. Mama alikuwa ametoka nje na mtoto mchanga mgongoni, na nyuma yake yule mwashi wa majiko, ameshika mwiko wa udongo. Walisimama. Baba akasimama. Wenzake wa vitani, walioelewa kabla yake, walienda kukaa mbali.

Shehe aliitwa. Aliketi na baba kwenye jamvi, akamweleza yote kwa upole, kisha akasema, "Mwanangu, hukumu niliitoa kwa kutojua. Sasa upo. Ukimdai mkeo, wanazuoni wengine watakupa. Sema tu."

Baba alimtazama mama. "Nani alikwambia nimekufa?" aliuliza. Hakuwa na hasira. Alitaka kujua tu.

Mama alijaribu kujibu. Alisema, "Redio," akanyamaza, kwa sababu si kweli. Akasema, "Wifi," akanyamaza tena, kwa sababu hiyo nayo si kweli. Mwisho alisema, "Hakuna aliyeniambia."

Mtoto aliamka mgongoni, akaanza kulia. Baba alimsikiliza mtoto yule alivyokuwa akilia, kisha akainuka.

"Simdai," alimwambia shehe.

Alilala kwa shangazi siku chache. Shangazi alimsimulia, tangu siku ya kwanza ya mchezo mpaka harusi, hakuficha. Mimi nilikuwepo. Baba alisikiliza hadi mwisho, akamwambia, "Dada, usijiumize. Ningekuwa pale chini ya ile nguzo, mimi pia ningetaka mfua chuma arudi." Lakini baadaye alikwenda kukaa Mbau, ambako wenzake wa vitani walipewa mashamba, na kwetu hakurudi ila kwa mazishi.

Shangazi aliishi miaka mingi. Hakusimulia tena hadithi yoyote, hata watoto wangu walipomwomba. Kireno alikiacha kabisa; mtu wa ofisi akimsalimia *bom dia*, alijibu kwa Kiswahili. Mwaka mmoja nilikuwa dukani Mocímboa nikinunua sabuni, redio ya mwenye duka ikiwa imeshika kituo cha ng'ambo, na nikasikia kisa kilekile, safari hii kwa Kiswahili safi, vijana wanaigiza. Nilisimama nisikilize ile sehemu ya ukuta. Ilikuwa fupi sana. Kijana aliguna, mwingine akasema amekufa, muziki ukapita. Wateja waliendelea kuulizia sukari. Niliporudi nyumbani sikumwambia shangazi.

Yule jirani wa bara naye mume wake hakurudi, kwa hiyo alikuwa ameketi matanga ya kweli. Alikuwa akisema shangazi ndiye mtu pekee aliyempa habari sahihi, na kila mavuno alimletea kikapu cha kunde. Shangazi alikuwa akikipokea kwa mikono miwili, na jirani akishaondoka, alikaa nacho mapajani bila kukifungua.

Habari za kifo cha baba nililetewa na mtu aliyetoka Mbau. Nilikwenda kumwambia mama. Nilimkuta akianika muhogo juu ya paa la jiko, mume wake ndani akikohoa.

"Nani kasema?" aliuliza.

Nikamtajia mtu.

"Kamwona kwa macho yake?"

"Kamwosha, mama. Kamteremsha kaburini."

Aliitikia kwa kichwa. Alikaa juu ya kinu muda kidogo, mikono imejaa unga wa muhogo. Aliniuliza kama baba aliumwa sana, nikasema siku mbili tu. Aliniuliza nani alikuwa naye, nikasema wenzake. Kisha mume wake akamwita kutoka ndani, akiomba maji, naye akanawa mikono, akampelekea.